Fungate ya siku nne na swali la "nani alianza"

Hebu tuongee ukweli, wasee wangu. Mkisikia neno fungate, mnaona nini? Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa naona Granada. Si mnazijua hizo video? Dada amevaa gauni jeupe, kaka anaonekana mgongo tu, wameshikana mikono wanaangalia kasri la Alhambra jua likizama, kuta zimekuwa nyekundu, gitaa linalia kwa mbali. Chini wameandika maneno matatu na moyo mmoja. Nilikuwa nimehifadhi kama arobaini hivi. Bwanangu, kabla hajawa bwanangu, nilikuwa namtumia moja kila Ijumaa. Hasemi kitu. Anaweka kidole gumba tu.

Halafu nikakaa chini nikapiga hesabu. Viza peke yake, kwa mtu mzima, ni euro 90. Wawili ni 180, na ukinyimwa hakuna kurudishiwa. Hapo bado hujagusa tiketi ya ndege, bado hujalala popote, bado hujala. Na sisi ni watu wa Garsen. Yeye anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, mimi nawaandikia nyinyi huku na wikendi napiga picha za harusi za watu. Fungate kwa mila ni siku saba. Tulikuwa na doo ya siku nne. Tukaenda Kipini na Lamu.

Msinione kama yule sungura wa "sizitaki mbichi hizi". Granada bado naitaka, na viza ikijileta leo nitaichukua. Lakini kuna kitu nimejifunza kwa hizo siku nne ambacho hakuna video hata moja kati ya zile arobaini iliniambia, na ndicho nataka tuongee leo.

Kitu chenyewe ni hiki. Wewe na mwenzako mkienda kutazama mji wa kale, wowote ule, jueni mnaenda kusikiliza kesi. Kila gofu lina kesi ya nani alianza na nani alivunja. Na mkiwa watu wa aina mbili, kama sisi, kuna siku kesi hiyo itataja jina la mmoja wenu. Ninachosema ni kwamba bora muisikie mkiwa mmesimama pamoja kuliko kila mtu aisikie kwao.

Hata hiyo Granada yenyewe. Alhambra ilijengwa na masultani Waislamu wa ukoo wa Nasri, sehemu kubwa katika karne ya 13 na ya 14. Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho akaukabidhi mji kwa mfalme na malkia Wakristo. Kabla mwaka huo haujafika katikati, tarehe 31 Machi, amri ikatiwa saini hapo hapo Granada kwamba Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Wajukuu wa Waislamu waliobaki, ambao walikuwa wameshabatizwa, nao wakafukuzwa Uhispania kati ya 1609 na 1614. Yaani ule ukuta mwekundu wa mapenzi umeona majirani wakiambiana "nyinyi si wa hapa" kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna anayeandika hayo chini ya video. Hata mimi sidhani ningeandika.

Sasa nije kwetu.

Mimi ni Mpokomo. Bwanangu ni Muorma. Kwa msomaji wa Nairobi au wa Kisumu hiyo ni sentensi ya kawaida tu, kama kusema huyu anapenda chapati na yule anapenda ugali. Kwa mtu wa Garsen hapo lazima avute kiti. Ngoja nieleze kwa wale ambao Garsen mnaijua kama mahali basi linaposimama mkanunua maembe na maji.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000. Huku chini unapokaribia bahari, Wapokomo ni wakulima: mpunga, ndizi, maembe, mahindi kwenye kingo za mto. Waorma ni wafugaji wa ng'ombe. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanatoka mbali kuja kutafuta maji na nyasi za delta, na ili wafike mtoni lazima wapite katikati ya mashamba. Hizo njia zao za kuingilia mtoni tunaziita malka. Malka ikilimwa, ng'ombe watapita kwenye shamba. Ng'ombe wakipita kwenye shamba, mwenye shamba atachukua panga. Mengine mnayajua. Agosti na Septemba 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye vijiji vya hapa: Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na kwingine. Serikali ikaweka kafyu. Mimi nilikuwa darasa la saba. Bwanangu alikuwa darasa la nane, shule nyingine, upande mwingine.

Tulikutana baadaye sana, nimepeleka simu yangu imeingia maji. Stori ya ndoa nitaiacha manake si yangu peke yangu. Itoshe kusema nikaha ilifanyika, wazee wa pande zote mbili walikuja, walikula, na kuna ami yangu mmoja na mjomba wake mmoja ambao hawakugusa pilau.

Kwa hivyo tuliposema tunaenda fungate, kila mtu alikuwa na maoni. Mamangu alisema hiyo pesa tungenunua mabati. Mama mkwe alisema tungenunua mtamba. Shemeji yangu mdogo akauliza, "Kwani Lamu hamjawahi kuiona?" Tulikuwa tumeiona, kila mtu kwa wakati wake: mimi na safari ya shule, yeye akipeleka simu za jumla. Pamoja hatujawahi kwenda popote. Na hapa nitawaambia jambo ambalo watu wa miji mikubwa hawawezi kulijua. Garsen siwezi kutembea na bwanangu bila mtu kutuhesabia majina. Huyu wa nani, yule wa nani, jamani hawa. Hakuna anayetutukana. Ni macho tu. Elfu ishirini na moja na mia tano, tuliyoiweka kidogo kidogo miezi mitano, ilikuwa ya kununua siku nne za kuitwa "wageni".

Tuliondoka Jumatano asubuhi mwezi wa kwanza, kiangazi. Minjila, Gamba, kuelekea Witu. Barabara hiyo siku hizi ni lami safi, lakini usidanganyike, mto una kumbukumbu. Novemba 2023 mafuriko yaliikata, na Lamu ikabaki kama imetengwa na nchi. Kuna vizuizi vya polisi pia, na ni lazima uwe na kitambulisho mkononi. Kwenye kimoja askari alichukua vitambulisho vyetu viwili, akasoma jina langu, akasoma lake, akarudia langu. "Mko pamoja?" Nikamwambia huyu ni bwanangu. Akaturudishia akicheka, akasema, "Basi nyinyi ndio amani yenyewe, nendeni." Basi zima likageuka kututazama. Bwanangu akavuta kofia chini. Nikamwambia avumilie, bado kilomita chache tuwe wageni.

Kipini ni kijiji cha wavuvi, hapo Tana inapoingia baharini. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa upande mmoja na ya buluu upande mwingine, na yanagombana katikati mchana kutwa. Tulipata chumba, tukala samaki wa nazi, na asubuhi yake tukachukua boda kwenda kuona vitu viwili.

Cha kwanza ni mahali ambapo wenyeji wanasema ndipo lilipo kaburi la Fumo Liyongo. Mliosoma fasihi shuleni mnamjua: shujaa, mshairi, jitu la mtu, aliyeweza kuchomwa kwa sindano ya shaba kitovuni tu, na aliyeuawa na mwanawe mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekariri hayo ya sindano kwa ajili ya mtihani. Mwenyeji wetu, mzee mmoja mcheshi, akatukumbusha jambo ambalo limo kwenye utendi wake na mimi nililiruka kabisa darasani. Wagala walikuja Pate, wakamwona Liyongo, wakashangaa mtu wa namna ile, wakaomba aoe kwao ili wapate mbegu yake. Na akaoa kwao.

Sasa, "Wagala" ni jina la zamani ambalo watu wa pwani na vitabu vya kale walikuwa wakiwaita Waoromo, na Waorma wa Tana ni watu wa jamaa hiyo. Hawalipendi jina hilo, na wana haki. Nilimtupia bwanangu jicho. Alikuwa anafikiri. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu ya ukoo, "Kumbe Liyongo ni shemeji yetu."

Yule mzee alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilicheka mpaka machozi. Kuna picha, siiweki huku, mdomo wangu uko wazi kama kiboko.

Cha pili ni magofu ya Ungwana, karibu na bahari. Wasee, mjue hapa niko serious kidogo. Huo ulikuwa mji. Watu walianza kukaa hapo kama karne ya 10, na ulikufa kama mwanzo wa karne ya 17. Ulikuwa na ukuta, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, makaburi, na msikiti wa Jamia wenye mihrabu mbili, manake watu walizidi mpaka ukumbi wa pili ukaongezwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu Ungwana kikatoka 1966. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa, na kama miaka ishirini baadaye akaingia Granada. Kwa hivyo wakati watu wanaswali Ungwana, na Alhambra nayo ilikuwa na watu wake. Ilikuwa dunia moja. Leo moja ina foleni ya tiketi na nyingine ina mibuyu, miiba, na sisi watatu.

Tukaingia msikitini. Ukiwa ndani, paa hakuna, unasikia bahari. Nikauliza, kama vile kila mtalii anavyouliza, "Na ulivunjwa na nani?"

Mzee akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyejibu mara mia: "Wagala. Walikuja kutoka bara wakafagia miji yote hii."

Kimya.

Hakuwa anajua. Bwanangu anaongea Kiswahili cha Garsen kama mimi, amevaa kofia na miwani. Mzee alikuwa anatoa somo lake tu. Na hakulitunga, vitabu vingi vya zamani vimeandika hivyo hivyo, vya Ungwana na vya Gede pia. Ukitafuta zaidi utaona sababu ni nyingi. Wareno mwanzoni mwa karne ya 16 walichoma na kupora miji ya pwani na kuvuruga biashara. Kuna mto wenyewe, ambao huku chini umebadilisha njia yake zaidi ya mara moja. Maji ya visima nayo ni kesi nyingine. Miji haifi kwa ugonjwa mmoja. Lakini kwa masimulizi ni rahisi kuwa na mtu mmoja wa kulaumu, na huyo mtu alikuwa amesimama kando yangu ameshika chupa ya maji.

Nilitaka kuongea mimi. Nilikuwa tayari. Bwanangu akanitangulia, kwa adabu kabisa, "Mzee, mimi ni Muorma."

Mzee akamtazama. Akavua kofia, akaivaa tena. Nilidhani ataomba radhi, au atabisha. Akasema, "Basi wewe ndiye wa kuniambia. Wazee wenu wanasemaje?"

Na bwanangu akakaa kwenye jiwe akamwambia alichowahi kusikia kwa babu yake: kuhusu ukame, kuhusu vita vyao na watu wengine waliowasukuma kutoka kaskazini, kuhusu ng'ombe waliobadilishwa kwa nguo na watu wa pwani, kuhusu maziwa na samli zilizoshuka hadi baharini. Kwamba mtu hawezi kuishi karibu na mji miaka mingi akiuvunja tu. Lazima kuna siku aliuza kitu. Mzee akasikiliza yote. Na mimi nikasikiliza yote. Tulikuwa tumeoana miezi mitano na sikuwa nimewahi kuyasikia hayo, kwa sababu Garsen hakuna mahali pa kuyasema bila mtu kudhani unajitetea kwa ajili ya 2012.

Ndio hapo nikaelewa gofu ni la nini. Mle ndani mlikuwa na kesi yetu ya zamani kabisa, ambayo hakuna aliye hai anayedai fidia. Ukiweza kuizungumza hiyo, ulimi unajifunza njia.

Ijumaa tukarudi barabara kuu, tukapanda gari mpaka Mokowe, tukavuka na boti. Lamu sitawachosha. Mnaijua: vichochoro ambavyo punda akija lazima ujibanze ukutani, milango ya nakshi, baraza za mawe, zidaka ndani ya kuta za chokaa, azana inayotoka msikiti mmoja kabla ya mwingine haujamaliza. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tulikuwa wageni, walahi. Mtoto mmoja alituuliza kama tumetoka Tanzania. Bwanangu alifurahi kama amepewa uraia mpya. Tulitembea hadi Shela kwa miguu, mkono kwa mkono pale pasipo na watu, na pale penye watu tukawa na heshima zetu.

Shela nayo ina kesi. Kama mwaka 1812 hivi, watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu. Masimulizi yanasema maji yalikupwa, vyombo vyao vikakwama mchangani, na Walamu wakawamaliza pale ufukweni. Lamu ikashinda, halafu ikaogopa kulipiziwa, ikaomba ulinzi wa sultani wa Oman. Ile ngome kubwa katikati ya mji ilikamilika baada ya hapo, kama 1821. Leo mtu wa Pate anashuka boti Lamu kuuza tumbaku na samaki, anaoa, anaoza, na hakuna anayemuuliza babu yake alisimama wapi maji yalipokupwa.

Jumamosi alasiri tuko kwenye ngome hiyo. Ilikuwa jela mpaka 1984; siku hizi ni makumbusho, kuna maktaba, kuna mikutano. Tumekaa kwenye ngazi kivulini. Simu yangu ikalia. Ami yangu, yule wa pilau. Kabla sijashika, simu ya bwanangu ikalia. Mjomba wake, yule mwingine wa pilau.

Mnajua tayari, si ndio? Ng'ombe wameingia shambani. Si shamba la mtu wa mbali, ni la binamu yangu. Mahindi na ndizi, karibu nusu eka. Kijana mmoja wa ng'ombe amepigwa fimbo ya kichwa, anatoka damu, yuko hai. Vijana wa pande zote mbili wanakusanyika. Ami ananiambia, "Mwambie huyo mumeo watu wake wameanza tena." Na kwenye sikio la pili, hatua moja kutoka kwangu, nasikia sauti ya mjomba kwa Kiorma, naelewa maneno machache tu, na mojawapo ni jina letu.

Moyo uliruka. Nilikuwa darasa la saba tena.

Tulizima zote mbili tukatazamana. Kisha tukafanya kitu ambacho sidhani tungekifanya tungekuwa kejani. Tulisimuliana. Nilimwambia ami amesema nini, neno kwa neno, hata lile la "watu wake". Akaniambia mjomba amesema nini, neno kwa neno, hata lile alilosema kuhusu sisi. Ilitoka hivi: kwa ami, ng'ombe walisukumwa makusudi. Kwa mjomba, malka waliyopitia tangu mababu ilikuwa imepandwa mahindi mwezi wa kumi na moja, na ng'ombe wana kiu ya siku tatu. Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Binamu yangu nilimjua. Shamba lake hukua kila mwaka kama nywele. Na kijana yule wa ng'ombe bwanangu alimjua. Huwa analala kivulini ng'ombe wakijichunga.

Tukapiga simu tena, kwa kubadilishana. Mimi nilimpigia mjomba wake, nikamwamkia vizuri, nikampa pole ya kijana, nikamuuliza kama amepelekwa hospitali. Yeye alimpigia ami yangu, shikamoo kwanza, akampa pole ya shamba, akamuuliza eka ngapi. Ami alinyamaza sekunde ndefu, bwanangu akadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Nusu. Si nusu kamili."

Msiniandikie kwamba tulileta amani. Hatukuleta. Wazee ndio waliokaa usiku ule na chifu, wakaenda kupima uharibifu asubuhi, wakakubaliana fidia ya mahindi na gharama ya matibabu, na wakaweka alama upya kwenye malka. Hiyo ni kazi yao na wanaijua tangu zamani. Sisi tulichofanya ni kupunguza moto kwa simu mbili ili wafike na hasira za kiasi. Lakini najua kitu kimoja. Kama siku mbili kabla sikukaa kwenye jiwe la Ungwana nikisikiliza upande wa pili wa kesi ya miaka mia nne, sikio langu Jumamosi lingekuwa limefunga.

Tulirudi Garsen Jumapili jioni. Hakuna aliyetuuliza kuhusu Lamu. Ami yangu aliniletea ndizi zilizonusurika, mkungu mzima, akauweka mlangoni, akaondoka kabla sijafungua.

Kwa hivyo maoni yangu ndiyo haya, mnaweza kuyakataa. Wakikwambia kutembea na mwenzako ni anasa, waulize mabati yanazuia nini. Mvua tu. Mimi na huyu bwana tutapigiwa simu kama ile tena, kiangazi kijacho au kile kinachofuata, na hakuna mtamba utakaotufundisha tuishike vipi. Si lazima iwe Lamu. Kama uko Malindi kuna Gede. Kama uko Mombasa kuna Fort Jesus, na mjue ile nayo ina kesi ndefu ya kutosha wiki nzima. Kama mwenzako ni Mkikuyu na wewe ni Mkalenjin, kama ni Mluhya na wewe ni Mteso, tafuteni mahali penye kesi ya zamani, mwende, mmuulize mwenyeji nani alivunja, halafu msikilizane. Picha mtapiga pia, hakuna anayekataza. Vaeni nyeupe.

Na sisi tumeanza kuweka tena. Safari hii si ya wawili, ni ya wanne: tunataka kuwapeleka mamangu na mama mkwe Kipini siku moja, waende asubuhi warudi jioni. Mamangu amesema atafikiria. Mama mkwe alisimuliwa stori yote ya Liyongo na Ungwana, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akauliza swali moja tu: huyo Liyongo alipooa kwetu, alitoa ng'ombe wangapi?